Tenda Wema, Uage, Ndipo Uende Zako

Methali nyingine tumezizoea mpaka hatuzisikii tena. “Tenda wema nenda zako” ni mojawapo. Tumeivaa kwenye khanga, tumefungia nayo insha za shule ya msingi, tumeisoma nyuma ya malori. Maana yake haina ubishi: ukishamfanyia mtu jema, usisimame mlangoni pake kungoja asante. Shika njia yako. Ni methali yenye huruma kwa pande zote mbili, maana inamzuia mtenda wema asigeuke mdai, na inamwokoa mtendewa asigeuke mtumwa wa hisani.

Miezi ya karibuni nimekuwa nikiitazama kwa jicho la shaka, na aliyenitia shaka hiyo si mshairi wala mwanafalsafa. Ni rafiki yangu anayetengeneza programu za simu. Swali lenyewe ni hili: je, upo wema ambao mtu hawezi kuutenda akaenda zake tu? Na kama upo, anapaswa kukaa nao mpaka lini?

Rafiki yangu huyu anaishi Sinza, Dar es Salaam. Sebule yake ndiyo ofisi yake: meza moja, kompyuta mpakato mbili, feni yenye kelele. Hana bosi, hana mhasibu, hana mtu wa mapokezi. Watu wa aina yake tunasema wanajitegemea, neno zuri ambalo kwa vitendo maana yake ni kwamba LUKU ikiisha katikati ya kazi, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Anakula kwa kutengeneza tovuti za hoteli ndogo na mifumo ya mauzo ya maduka ya dawa. Hizo analipwa, tena kwa kusumbuana.

Kazi inayomfahamisha kwa watu wengi zaidi ndiyo asiyolipwa. Miaka minne iliyopita alitengeneza programu ya kutunza hesabu za vikoba. Kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa, kikoba ni ndugu yake chama: kikundi cha watu ishirini, thelathini, wengi wao wanawake, wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana kwa riba ndogo, wanatozana faini kwa kuchelewa, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Hesabu zake si mchezo. Nani ana hisa ngapi, nani kakopa lini, mfuko wa jamii una shilingi ngapi, nani faini yake kailipa kwa maneno tu. Aliona mama yake mzazi anahangaika na daftari lililomwagikiwa chai, akajifungia wiki kadhaa, akamtengenezea programu. Mama akawaonyesha wenzake. Wenzake wakawaonyesha wenzao. Kila alipoulizwa bei alijibu, “Karibuni tu, mtumie.” Leo inatumiwa na vikundi zaidi ya arobaini, na vingine hajui hata viko wilaya gani.

Mimi ni mwandishi wa habari, kuuliza ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nikimtembelea Jumapili huwa namuuliza anawaza nini. Hunijibu macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Siku moja aliniambia hivi: fundi ujenzi akipita mtaani anaiona nyumba aliyoijenga, anaona nguo zimeanikwa, anajua watu wanaishi mle. Yeye hana mtaa wa kupita. Programu ikifanya kazi vizuri hasikii neno la mtu. Anakumbushwa kwamba ipo siku inapoharibika. “Yaani mimi salamu zangu ni malalamiko,” alisema, akacheka.

Na inaharibika hata kama hakuna aliyeigusa. Hapa sisi watu wa vitabu tunapaswa kutulia kidogo, maana kazi tunazozipenda haziko hivyo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Chukua kitabu chake kwenye rafu leo, kinafunguka. Hakikuulizi umekinunua mwaka gani wala hakikudai ukibadilishe karatasi. Mwandishi alishapumzika, na kazi inaendelea bila yeye. Programu haina bahati hiyo. Imekaa juu ya simu, simu imekaa juu ya mfumo wa Android, na mfumo hubadilika kila mwaka. Duka la programu nalo hudai masasisho yaendane na matoleo mapya. Usipofanya hivyo, wenye simu mpya hawataiona kabisa. Programu iliyoachwa ni kama mtumbwi ulioachwa ufukweni. Ukiutazama kwa mbali ni mzima. Usipoutia kalafati, siku ukiusukuma majini ndipo utakapojua mbao zimeachana.

Basi rafiki yangu akachoka. Mwanzoni mwa mwaka aliandika kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa vikoba kwamba mwisho wa mwezi angezima seva, yaani ile kompyuta ya kukodi inayohifadhi kumbukumbu zote, ambayo kodi yake alikuwa akiilipa mwenyewe kwa dola. Aliandika sentensi mbili tu. Asante kwa ushirikiano, ndiyo ilikuwa ya pili.

Jioni ileile nikapigiwa simu na mama yangu mdogo, mweka hazina wa kikoba kimoja cha Morogoro.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Huyo kaka yako wa kompyuta ana shida gani?”

Nikamweleza: amechoka, halipwi, ana familia, ana kazi nyingine zinazomngoja.

“Pole yake. Lakini mwanangu, sisi hatukumwomba. Daftari letu tulikuwa nalo. Yeye ndiye alisema karibuni, tukaliweka daftari kando. Sasa hesabu zote ziko huko kwake, na mgawo ni mwezi wa kumi na mbili. Niwaambie nini wale kina mama? Kwamba fundi kachoka?”

“Mama, hajawahi kuwatoza hata shilingi.”

“Angetutoza tungejua. Tungeweka akiba ya siku atakayoondoka.”

Nilipomfikishia rafiki yangu maneno haya alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Kwa hiyo kosa langu ni kwamba sikuwatoza?”

Nimeishi na maneno ya watu hawa wawili kwa muda sasa. Kila nikimpa haki mmoja, namwona mwenzake ananiangalia.

Tuanze na hoja ya rafiki yangu, maana ina nguvu kuliko inavyoonekana. Hakuna mkataba. Hakuna ahadi ya miaka kumi. Duniani kote watu wanaotoa programu zao bure huweka ndani yake leseni, na leseni zilizoenea sana, kama ile fupi iitwayo MIT, zote zina kifungu cha namna moja: unapewa kitu hiki kama kilivyo, hakuna dhamana, likitokea la kutokea mtengenezaji hadaiwi. Si ukatili. Bila kifungu hicho hakuna mtu mwenye akili timamu angetoa kitu bure, maana zawadi ingegeuka kuwa kitanzi. Tukisema kwamba kila anayetoa amejifunga maisha, tutakuwa tumewaadhibu wakarimu na kuwaacha wachoyo walale usingizi. Mtu aliyekaa na ujuzi wake bila kumpa yeyote, yeye hapigiwi simu na mama yangu mdogo.

Lakini tazama ilivyotokea Machi 2016. Azer Koçulu, mtengeneza programu, alikuwa ameweka vipande zaidi ya 250 vya kazi yake kwenye ghala la npm, ambako watengeneza programu duniani huchukua vipande vya wenzao badala ya kuanza kila kitu upya. Kampuni iitwayo Kik ilitaka jina la kipande chake kimoja. Akakataa. Wenye ghala wakaipa kampuni lile jina. Akakasirika, akaondoa vitu vyake vyote. Kimojawapo kiliitwa left-pad, mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa neno mpaka neno lifikie urefu unaotakiwa. Kazi ndogo, kama ya kumsogezea mtu kiti. Ila programu kubwa zilikitegemea, na nyingine zilitegemea zile zinazokitegemea, na kwa muda wa saa mbili hivi miradi maelfu ikakwama mpaka wenye ghala walipokirudisha. Baadaye walibadilisha kanuni zao: kitu ambacho wengine wanakiegemea hakiondolewi tena kirahisi.

Kisheria kilikuwa chake. Aliondoa mali yake. Hata hivyo mtu ukisoma habari ile unahisi kuna kitu hakikukaa sawa, na si rahisi kukitaja. Wengine watasema ni kwamba watu wengi waliathirika. Mimi nadhani ni kitu kingine: waliathirika watu ambao hawakuwa kwenye ugomvi. Alikuwa amegombana na kampuni moja na ghala moja, lakini fimbo ilifika mpaka kwa watu ambao hawakujua hata jina lake.

Hapo mtu anaweza kusimama upande wa mama mdogo moja kwa moja. Ila na yeye ana maswali ya kujibu, maana hata mpokeaji ana wajibu. Mwaka 2014 dunia iligundua kasoro kubwa katika OpenSSL, programu inayolinda siri za sehemu kubwa sana ya tovuti. Kasoro hiyo iliitwa Heartbleed. Watu walipochungulia nyumbani mwa OpenSSL walikuta kundi dogo mno la watu, na michango ya hiari ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Benki zilikuwa zikiitumia. Kampuni kubwa za teknolojia zilikuwa zikiitumia. Wote walikuwa wakichota, na hakuna aliyeuliza kamba ya ndoo inanunuliwa na nani.

Kisa cha xz ndicho kinachoniuma zaidi. Hii ni programu ya kubana mafaili, imo ndani ya mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu walianza kumsukuma kwamba anachelewa, kwamba haijali kazi. Aliwajibu kwa upole kwamba uwezo wake umepungua, kwa sehemu kutokana na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya mapenzi isiyo na mshahara. Wakati huo kulikuwa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye tangu 2021 alikuwa akileta marekebisho mazuri, kwa subira, bila makelele. Collin akampa nafasi ya kusaidia kuitunza. Mwanzoni mwa 2024 Jia Tan akapitisha ndani yake mlango wa siri ambao ungemwezesha aliyeuweka kuingia kwenye kompyuta nyingi duniani. Uligunduliwa mwishoni mwa Machi mwaka huo na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu aliona kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa karibu nusu sekunde.

Watu wengi hukisoma kisa hiki kama cha upelelezi. Mimi nakisoma kama cha upweke. Mtu mmoja amechoka, anasema waziwazi kwamba amechoka, mbele ya dunia nzima inayomtegemea. Na katika dunia nzima, aliyejitokeza kwa bidii kumpokea mzigo alikuwa mwizi.

Kwa hiyo hatuwezi kumwambia rafiki yangu “umeanzisha, maliza,” kama kwamba ni suala la uvivu. Wala hatuwezi kumwambia mama mdogo “cha bure hakina lawama.” Nadhani tunakwama kwa sababu tumezichanganya aina mbili za wema, na methali ilitungwa kwa ajili ya moja.

Kuna wema wa sahani ya pilau. Nimekupikia, umekula, umeshiba, nimekwenda zangu. Kesho ukiwa na njaa, hiyo ni njaa mpya na haina uhusiano na pilau yangu. Halafu kuna wema wa kisima. Nimekuchimbia, umekunywa, na kwa sababu umekunywa umehamisha nyumba yako ikawa karibu na kisima, umeotesha mchicha kando yake, ule mto wa mbali umeshasahau njia yake. Kisima kikikauka, hurudi pale ulipokuwa kabla sijaja. Unakuwa nyuma ya pale. Hilo ndilo mama mdogo alilokuwa akisema kwa lugha ya daftari.

Visima navijua kwa kazi yangu. Nimekwenda vijijini mara kadhaa kuandika habari za pampu. Uzinduzi unakuwa na ngoma, utepe na hotuba. Ukirudi baada ya miaka michache unakuta mpini umesimama hewani, chuma kimepata kutu, na mtu anakuambia kwa utulivu kwamba kipuri kinapatikana mjini, au hakipatikani kabisa. Waliochimba walitenda wema wakaenda zao. Walitenda kisima kwa tabia ya pilau.

Na cha ajabu, pwani yetu ililifikiria jambo hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Mtu aliyetaka kuacha msikiti au kisima kwa ajili ya watu aliweza kukiweka wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, inafungwa kwa kazi yake. Lakini wenye busara hawakuishia hapo. Pamoja na msikiti waliweka nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, ili kipato chake kinunue mafuta ya taa na kukarabati paa. Na walimtaja msimamizi, na baada yake nani. Zanzibar mpaka leo iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayoshughulikia mambo hayo. Sisemi mfumo huo haukuwahi kuingiliwa na ulaji; popote penye minazi pana wanaokula nazi. Nasema tu kwamba aliyeuweka alielewa kitu ambacho watu wa programu wanajifunza sasa kwa machozi: ukitoa kitu kinachoendelea, toa pamoja nacho chakula chake na mlezi wake.

Sasa, rafiki yangu hana shamba la minazi. Ana kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Kwa hiyo mlezi na chakula lazima vitoke kwa wanaokunywa. Hapa nakumbuka methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika insha yake ya Ujamaa mwaka 1962 kueleza kwamba ukarimu wetu wa zamani haukuwa wa kunyonyana. Tumezoea kuitaja kama kejeli kwa mgeni mvivu. Lakini ukiisikiliza vizuri, inamheshimu mgeni. Jembe linamtoa kwenye kundi la wanaohudumiwa na kumwingiza kwenye kundi la wenyeji. Mgeni asiyepewa jembe miaka minne hajakirimiwa, amebaki mgeni, na mgeni hana sauti siku nyumba inapovunjwa.

Hapo ndipo jibu la mama mdogo, “angetutoza tungejua,” linapopata uzito wake. Hakuwa akisema anapenda kulipa. Alikuwa akisema kwamba ule ubure uliwaficha ukweli. Uliwafanya waone programu kama hewa, kitu kilichopo tu, wakati nyuma yake alikuwako mtu mmoja mwenye feni ya kelele anayelipa kodi ya seva kutoka mfukoni. Kumwambia mtu bei ya kitu, hata ukiamua usimtoze, ni namna ya kumwambia ukweli.

Lakini wajibu wa rafiki yangu ni upi hasa? Si kubaki milele. Hilo nalikataa kabisa. Hakuna wema unaohalalisha kumfunga mtu kamba. Nadhani anadaiwa kitu kimoja tu, na kwetu kina jina la kawaida sana: kuaga.

Tunalichukulia neno hili kama adabu ndogo, lakini tazama lilivyo na uzito. Mtu akiondoka mahali bila kuaga tunasema katoroka, hata kama alikuwa na kila haki ya kuondoka. Kuaga hakuombi ruhusa. Anayeaga ameshaamua kwenda; anachowapa wanaobaki ni nafasi ya kujipanga.

Mwaka 2013 kijana wa Hanoi, Vietnam, Dong Nguyen, alitoa mchezo wa simu uitwao Flappy Bird. Aliutengeneza peke yake. Mwanzoni mwa 2014 ulilipuka dunia nzima, na vyombo vya habari viliripoti kwamba ulikuwa ukimwingizia dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Februari hiyo alitangaza kwamba baada ya saa 22 angeuondoa madukani, na akauondoa. Alieleza baadaye kwamba watu walikuwa wamelewa nao kupita kiasi. Wako waliomtukana. Mimi namwona kama mtu aliyeaga. Ilikuwa pilau, si kisima. Hakuna aliyeweka hesabu za watoto wake ndani ya yule ndege. Kwa kitu cha namna ile, saa 22 zilitosha, na waliokuwa nao kwenye simu walibaki nao.

Mfano wa pili ni wa kisima, tena kisima ambacho kila mmoja wetu anakinywa. Simu yako inajua saa za mahali ulipo kwa sababu ya orodha moja ya majira ya dunia, inayotumika ndani ya Android, iPhone na Linux. Dar es Salaam imo, Nairobi imo, pamoja na historia ya kwamba kuna wakati Nairobi ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Orodha hiyo ilianzishwa miaka ya 1980 na Arthur David Olson, aliyekuwa mfanyakazi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo kazi yake si saa. Alipokaribia kustaafu, mazungumzo ya nani apokee yalianza mapema, hadharani, yakaandikwa kama utaratibu. Mwaka 2011 kampuni moja ya unajimu ikawashtaki yeye na mwenzake, Paul Eggert, kwa madai ya kutumia kumbukumbu zake za saa za kale, na orodha ikaondolewa pale ilipokuwa. Ndani ya siku chache ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, likaipokea. Kesi yenyewe ilifutwa mwaka uliofuata. Eggert akaendelea kuitunza. Wewe na mimi hatukuchelewa kazini hata siku moja.

Nilipomsimulia rafiki yangu kisa hiki alisema, kwa haki kabisa, kwamba yeye hana ICANN. Ana kina mama wa vikoba. Lakini kina mama wa vikoba, jamani, ndio wanaolijua jambo hili kuliko watu wote niliowataja. Kaangalie sanduku lao. Lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti. Sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Si kwa sababu hawaaminiani. Ni kwa sababu wanajua mwenye ufunguo mmoja anaweza kuiba, na pia anaweza kuugua, kusafiri, kufiwa, kuchoka. Kufuli tatu zinakilinda kikundi dhidi ya mwizi, na zinamlinda mwenye ufunguo dhidi ya mzigo. Kisha wakazichukua hesabu za sanduku hilohilo, wakaziweka kwenye kitu chenye ufunguo mmoja, Sinza.

Walizungumza hatimaye, yeye na mama mdogo, kwa simu, mimi nikiwa katikati kama mshenga. Alimwamkia, akaitikiwa, wakaulizana habari za nyumbani kwa dakika nzima kabla ya kugusa jambo. Alikubali kusubiri mpaka mgawo wa Desemba upite. Ameongeza kitufe kimoja kwenye programu, kinachotoa hesabu zote za kikundi kwenye karatasi ambazo mtu anaweza kuzichapisha stesheni yoyote na kuzisoma bila simu. Mama mdogo amerudisha daftari, sasa vinakwenda pamoja. Kikundi chake na vingine saba vimekubali kuchangia kodi ya seva kutoka kwenye mfuko wa jamii. Vikundi vinne vimejiondoa vikarudi kwenye karatasi. Vilivyobaki, zaidi ya nusu, havijajibu chochote. Ameandika utaratibu wote wa kuiendesha programu, kurasa kumi na moja, na anatafuta watu wawili wa kushika funguo mbili. Mmoja amepatikana, binti wa mwenyekiti wa kikundi, anasoma chuo. Wa pili hajapatikana. Kuna kijana mmoja asiyemfahamu ameandika mara tatu kujitolea, kwa adabu sana, na rafiki yangu amebaki anaitazama ile barua pepe. Nani angemlaumu?

Kwa hiyo sijui kisa chake kitaishaje. Ninachokiona ni kwamba methali haikukosea. Wema wa pilau, utende uende zako, wala usigeuke nyuma. Wema wa kisima una hatua moja zaidi kabla ya kwenda, na hatua hiyo haiwezi kupigwa na mchimbaji peke yake. Ukiaga, lazima awepo mtu nyumbani wa kukuitikia, akapokea unachomwachia, akasema haya, nenda salama. Vikundi vile vilivyonyamaza vimesomewa ujumbe, alama za bluu zimeonekana kwenye WhatsApp. Mtu ameaga, na ndani watu wapo, hawajaitika.